Neno Kwaheri Halitoki Hapa

Wiki jana niliishia mezani kwa mdogo wangu, kikombe cha chai mkononi, yeye ananisomea barua ya mapenzi na kila neno ndani yake ni langu.

Kwa aliyekosa gazeti lile nitafupisha. Aibu haihitaji urefu.

Miaka thelathini nimezunguka dunia kama nzi kwenye bucha. Kihispania nilikiokota jikoni mwa meli. Kitaliano nilikiokota kwenye tanuri la matofali. Kifaransa nilikipata nikiwa nimelazwa miezi saba kwa masista, kwa hiyo najua kuomba maji na kuomba toba. Kiingereza nilisoma darasani, kipande huku kipande kule, shule nne, na hakuna hata moja iliyoniona mwisho wa mwaka.

Uzeeni nikarudi mikono mitupu. Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, akanifungulia chumba cha nyuma bila kuniuliza swali. Alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia nguo hospitalini. Nikapata kazi mjini. Nikamwambia natafsiri vitabu vya mitambo.

Uongo. Nilikuwa natafsiri mapenzi.

Huko mlimani lilikuwa linajengwa bwawa, na kambi ilijaa Wataliano, Wahispania, Wareno, Wafaransa na Waromania wawili wasioongea na mtu. Wanaume hao wanawaandikia wanawake wa mjini. Wanawake wa mjini wanasoma Kiingereza. Katikati yao kuna chumba juu ya fundi viatu, kinanuka gundi na soksi, na ndani yake kuna mwanamke tunayemwita Bi Lakiri kwa sababu kila bahasha anaifunga kwa lakiri, ile nta nyekundu ya mihuri, kama vile anazika siri ya serikali.

Bi Lakiri ana sheria tatu.

Ya kwanza, majina yanakatwa kwa mkasi, juu na chini, yanawekwa namba, na yeye mwenyewe huyarudisha akifunga bahasha. Mfasiri hatakiwi kujua nani anamwandikia nani. Ya pili, barua haitoki hapa ikiwa baridi. Ikija baridi, unaipasha. Ya tatu, neno kwaheri halitoki hapa kabisa.

"Mwanamke akiagwa haandiki tena," aliniambia siku ya kwanza. "Na akiacha kuandika, wewe utatafsiri nini? Mvua?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kazi yenyewe, ndugu zangu, inatia kinyaa kuliko kuosha sufuria za meli. Mfaransa anamwita mpenzi wake kabichi. Akizidiwa anamwita kiroboto. Mhispania anamwita nusu chungwa, kana kwamba mwanamke ni kitu cha kukamuliwa. Kiingereza hakitaki viroboto wala kabichi, kinataka asali, kinataka sukari. Basi siku nzima nakaa nageuza viroboto kuwa asali, mpaka jioni nikiona bakuli la sukari nalisukuma mbali.

Na hayo ni majina tu. Mtaliano ana neno zito la mapenzi, analitoa kama mtu anayetoa jino. Halafu ana jingine jepesi, ti voglio bene, maana yake nakutakia mema. Hilo anamwambia mama yake, jirani yake, hata punda wake. Kwa Bi Lakiri hakuna jepesi wala zito. Yote yakipita kwetu yanatoka ai lavu yu. Punda akiandikiwa, naye angepata ai lavu yu.

Namba arobaini na moja alikuwa Mtaliano wa namna hiyo. Fundi wa zege. Barua zake zilikuwa mvua, goti, zege limekauka, zege halijakauka, na mwisho nakutakia mema. Nilimcheka. Nikampasha moto wiki baada ya wiki. Aliposema amelala vibaya kwa sababu ya goti, niliandika kwamba halali kwa kumuwaza.

Haya. Sasa turudi mezani.

"Kaka, mbona umetoa macho?"

"Chai ya moto."

"Imepoa hiyo. Nimekusomea barua nzima hujasema hata neno."

"Nani anayekuandikia mambo hayo?"

Akaikunja ile karatasi taratibu, kama anavyokunja mashuka, kona kwa kona. Mdogo wangu ana miaka hamsini na moja. Sikuwahi kumwona anaona haya kabla ya hapo.

"Yule fundi wa zege. Alilazwa wodi ya pili, mkono umesagwa na mashine. Wiki tatu. Kila asubuhi alitandika kitanda chake mwenyewe kwa mkono mmoja. Nikaenda kuangalia nani anatandika hivyo. Hatukuwa na lugha, tukawa tunatikisiana vichwa tu. Alipopanda mlimani akaandika."

"Anajua Kiingereza?"

"Anaandika cha kwao. Kuna ofisi inageuza."

"Na unaiamini ofisi hiyo?"

"Mfasiri ni bomba tu, kaka. Maji ni ya mwenyewe."

Nimeitwa mengi katika maisha. Mwizi, mtoro, mzururaji. Hakuna lililonichoma kama bomba.

"Nilitaka ujue mapema," akaendelea. "Bwawa limekwisha. Jumamosi gari la mwisho linashuka, yeye anarudi kwao. Ameandika: nitapita kukuchukua. Basi juzi nimekabidhi funguo za chumba cha kufulia."

"Umeacha kazi?"

"Yule msaidizi wangu ameshaingia. Amesubiri miaka tisa, maskini. Alilia. Na kitanda changu utalalia wewe, hicho chako kimebonyea."

Nikaweka kikombe chini kabla hakijaanguka chenyewe.

Kwa sababu barua hiyo niliikumbuka. Niliigeuza Jumatatu, nikiwa na haraka, kabla ya chakula cha mchana. Mtaliano aliandika: Jumamosi gari la mwisho linashuka, nitapita kukuaga.

Kukuaga. Na neno kwaheri halitoki hapa.

*

Nilipanda ngazi za fundi viatu mbili mbili, na magoti haya.

Bi Lakiri alikuwa anakula yai la kuchemsha juu ya barua ya mtu. Kiini kimemdondokea Mreno fulani kwenye mstari wa tatu.

"Nataka barua za arobaini na moja. Zile za asili, kwa mkono wake."

"Unavunja sheria ya kwanza hiyo."

"Mwanamke anayeandikiwa ni mdogo wangu."

Akaacha kutafuna. Akanitazama. Akaendelea kutafuna.

"Basi umemwandikia vizuri. Wanawake wengine hawana kaka wa kuwaandikia."

Nikaisogeza barua ya yule Mreno mbali na yai.

"Ameacha kazi, Bi Lakiri. Mtu anakuja kumuaga, yeye anasubiri kuchukuliwa. Mwandikie huyo fundi leo. Mwambie limetokea kosa."

"Gari la barua limeshapanda. Likishuka ni Jumamosi, na hao wenyewe wamo ndani. Utamwandikia nani, zege?"

"Na za kwake za kwenda mlimani, nani anazigeuza?"

"Mimi."

"Unageuza au unaongeza?"

Akajifuta kiini mdomoni kwa kiganja, kisha kwa kiganja kilekile akabandika bahasha.

"Mdogo wako anaandika mashuka," akasema. "Ukurasa mzima mashuka. Lipi linalowahi kuchanika, lipi halitoki damu. Mwanamume yuko mlimani peke yake, unampelekea mashuka? Nikayapasha moto kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kuna mtu yeyote aliyewahi kuja hapa kulalamika?"

Sikuuliza zaidi. Hapo ndipo ninapojichukia, ndugu msomaji. Nilikuwa naweza kuuliza, nikaogopa kujua.

*

Ijumaa alasiri nilijipanga kumwambia. Nilimkuta anapiga pasi gauni la kijivu, lile analovaa kwenye misiba na kwenye harusi.

"Mdogo wangu, kaa chini kidogo."

"Pasi ikipoa sitaipata tena. Sema nikiwa nimesimama."

"Ukifika huko kwao, halafu ikawa sivyo?"

"Sivyo vipi?"

"Huyu mtu hujawahi kuongea naye hata salamu. Unajua karatasi tu."

Akapitisha pasi kwenye kola. Akapitisha tena. Kola ilishanyooka zamani.

"Kaka, mara ngapi umeondoka hapa?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabu. Mara sita. Kila mara nilikupigia pasi shati, na sikukwambia hata mara moja kaa chini. Baba alipokufa ulikuwa wapi? Mama?"

"Nilikuwa baharini."

"Basi umezoea kuondoka wewe, mimi nimezoea kubaki na mashuka ya watu. Leo zamu yangu. Hata ikiwa sivyo, itakuwa sivyo ya kwangu mwenyewe."

Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Niliifanya fupi makusudi: barua zile niliziandika mimi. Kwa Kiswahili, maneno manne tu. Nimetafsiri maelfu ya maneno ya watu nisiowajua, manne ya kwangu yakanishinda.

"Gauni limenyooka," nikasema.

Nikatoka uani nikatema mate. Yalikuwa na sukari.

*

Jumamosi, saa tatu asubuhi, gari likapiga honi barabarani. Gari refu la kambi, limejaa wanaume na mabegi, injini inaunguruma haizimwi.

Akaingia mzee mmoja mfupi, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, mkono wa kushoto vidole vitatu. Nilitarajia jambazi. Alionekana kama mtu anayekuja kutengeneza bomba la maji.

Mdogo wangu akasimama ndani ya gauni la kijivu. Sanduku lake liko mlangoni, limefungwa kwa kamba. Yule mzee akaliona sanduku. Akalitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama sanduku.

Nikataka kutokea mlango wa nyuma.

"Unakwenda wapi?" mdogo wangu akauliza. "Si unajua Kitaliano? Kaa hapo katikati."

Nikakaa katikati.

Mzee hakukaa. Akatoa mfukoni bunda la barua, akachomoa moja, akanikabidhi kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

"Bwana," akaniambia kwa Kitaliano, "mwulize huyu mama kwa heshima. Haya ameyaandika yeye?"

Nikasoma. Niliijua mashine ya chapa ya Bi Lakiri, na nikamjua Bi Lakiri mwenyewe. Sitaandika hapa yaliyomo. Mhariri wa gazeti hili ana binti. Niseme tu kwamba nimelala katika mabweni ya mabaharia miaka kumi na moja, na masikio yangu yalipata moto.

"Anauliza nini?" mdogo wangu akasema.

"Anauliza kama hii barua ni yako."

Akaichukua. Jina lake liko chini, alilijua hilo tu. "Ndiyo yangu. Ya wiki ile ya mashuka ya wodi ya watoto. Mwambie ni yangu."

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kumwambia mzee chochote, na kumwambia mdogo wangu chochote, na wote wawili wangetikisa kichwa. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miezi minane.

"Ngoja," nikasema. "Sikiliza kwanza imesemaje huko ilikofika."

Nikamsomea. Mimi, kaka yake mkubwa, ambaye sijawahi kutaja mbele yake hata jina la nguo ya ndani, nikamsomea mstari kwa mstari, macho nimeyaweka kwenye sakafu. Sikupunguza. Kwenye mstari wa nne akasema, "Basi." Kwenye wa sita akasema tena, "Basi, kaka," na sauti haikuwa yake.

"Mimi sikuandika hivyo."

"Najua."

"Mwambie sikuandika hivyo. Mwambie niliandika kwamba shuka la mtoto aliyekufa nalifua peke yake, silichanganyi na mengine. Hayo tu."

Nikamwambia. Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, akayaacha yashuke bila kuyafuta.

"Hilo la mtoto lilikuwamo," akasema. "Kila barua ilikuwa na mstari mmoja wa mashuka katikati ya uchafu. Nilikuwa nasoma huo mmoja, mingine naificha na kiganja. Nikasema, hawa ni wanawake wawili. Mmoja nikamwogopa."

Nikaigeuza kama ilivyo. Mdogo wangu akacheka kidogo, mkono mdomoni. Akasogea hatua moja. Mzee naye akasogea hatua moja. Nilidhani nimepona. Nilidhani nitakaa hapo, bomba safi, maji yapite.

Honi ikalia mara ya pili. Mtu akapiga kelele huko nje kwa Kihispania kwamba mlima hauendi kokote ila wao wanaondoka.

Ndipo mdogo wangu akaacha kucheka. Nilimwona anafikiri. Anafikiri polepole, lakini hatui njiani.

"Kama zangu zimechafuliwa," akasema, "zake je?"

Akafungua mkoba, akatoa bunda lake, limefungwa kwa utepe wa bandeji. Akachagua ile aliyonisomea mezani.

"Mwulize. Hapa anasema nyumba yake haina mlango mpaka niende nikaufunge kwa mkono wangu. Mwulize kama ni yeye."

Nilikigeuza Kiingereza changu mwenyewe kuwa Kitaliano. Kilinuka njiani.

"Hapana," mzee akasema. "Nyumba yangu ina mlango. Niliupaka rangi mwenyewe."

"Aliandika nini yeye?"

"Niliandika mvua. Zege. Goti langu. Sijui kuandika mengine."

"Goti?" mdogo wangu akasema nilipomfikishia. "Ana tatizo la goti?" Akamtazama goti. Halafu akanigeukia, sauti iko chini kabisa, ile sauti anayowaambia wauguzi wanaoiba sabuni.

"Hiyo ofisi iko wapi, kaka?"

"Juu ya fundi viatu."

"Na wewe vitabu vya mitambo unavitafsiria wapi?"

Inzi mmoja alikuwa anatembea juu ya kamba ya sanduku. Nilimtazama mpaka akaruka.

"Juu ya fundi viatu," nikasema.

Hakunipiga. Angenipiga ingekuwa rahisi. Alinitazama kama anavyotazama doa, akipima kama litatoka au shuka litupwe.

"Nani huyo mwenye mlango?" mzee akauliza. "Nani aliandika?"

"Mimi," nikamwambia. Nikarudia kwa mdogo wangu, ingawa alishajua. "Mimi. Na lile neno kukuchukua ni langu. Yeye aliandika anakuja kukuaga."

Nikasimama. Miguu yangu inajua kuondoka bila kuambiwa, imesoma zaidi yangu.

"Kaa," mdogo wangu akasema.

"Mdogo wangu, mimi..."

"Sikutaki. Lakini sina mkalimani mwingine na gari linaunguruma. Kaa."

Nikakaa.

Akajinyoosha gauni kwa viganja. Aliongea huku anamtazama mzee, si mimi.

"Mwulize neno moja. Kazi sina, nimeiacha. Hilo si kosa lake, asinionee huruma. Barua zote tuzitupe. Leo, sasa hivi, akiwa ameniona nilivyo na sanduku langu liko pale: amekuja kuniaga, au kunichukua? Usitie lako hata nukta."

Nikauliza. Neno kwa neno, hata pumzi yake niliiweka palepale alipoivuta. Ndiyo tafsiri pekee safi niliyowahi kufanya.

Mzee hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa namna mtu anavyonusa maziwa ya jana, kisha akalitazama lile bunda la utepe wa bandeji.

Honi ikalia mara ya tatu, ikashikiliwa.

"Bwana," akasema taratibu, "anayeuliza hapo ni yeye, au ni wewe?"

Nikafungua mdomo nimwambie ni yeye. Nikaufunga. Jibu hilo nalo lingetoka kwenye mdomo uleule, naye angeliaminije?

Mdogo wangu akanishika bega.

"Kasemaje?"